Hodi ya Saa Nne Asubuhi

Bisomenike alikuwa na jina la ofisini ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake: Mkasi. Alilipata kihalali. Katika shirika lile la simu, ghorofa ya tatu, Kolombo, yeye ndiye aliyekuwa akiandika miundo, na kazi ya mwandishi wa miundo si ya kuonewa wivu. Kila kifaa kinachopelekwa kwenye minara lazima kwanza kiandikiwe kinajua nini: joto lake, umeme wake, mlango wake. Kisha iamuliwe ni yapi kitayasema kikiulizwa tu, na ni yapi kitayapigia kelele chenyewe bila kuulizwa na mtu. Hayo ya kelele ndiyo huitwa arifa. Bisomenike alizichukia arifa kama watu wengine wanavyochukia mende.

Alikuwa na sababu. Alianza kazi akiwa msichana, pale Kandi, mji wa milimani, katika ukumbi wa kuangalia minara ya milimani, enzi za karatasi. Alasiri moja ya radi mashine ilitapika arifa elfu nne: taa imezimika, taa imewaka, mawimbi yamepotea, mawimbi yamerudi. Wasichana watatu walibaki wakikunja karatasi hadi mikono ikawauma. Kesho yake, mfagiaji akiwa anazizoa, Bisomenike aliona mstari mmoja katikati ya zile elfu nne uliosema moshi. Kituo kizima kilikuwa kimeungua. Mlinzi alinusurika kwa kuwa alishuka kununua chumvi.

Basi tangu siku hiyo akawa na swali lake moja, na alilitumia kwa miaka thelathini. Mtu akija na pendekezo la arifa, awe mhandisi mkubwa au mgeni kutoka kiwandani, Bisomenike angevua miwani na kuuliza, "Ikilia hiyo, nani atainuka kitini?" Ukishindwa kumtaja mtu huyo na anakokwenda akishainuka, arifa yako ilikatwa. Aliwafundisha vijana hivyohivyo, na mwanafunzi wake aliyemwelewa kuliko wote alikuwa Thivanka, kijana mwenye adabu na kumbukumbu kali mno.

Nyumbani Bisomenike hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kaka yake mkubwa, Heen Banda, na hata huyo alikuwa naye kwa mbali. Ndiye aliyemlea, baba yao alipofariki. Ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule ya msingi, akimtukana njia nzima kwamba ni mzito kama jiwe la kusagia. Dada alipopata kazi ya mjini alimtafutia kaka ulinzi wa mnara mlima Hunugala, juu kabisa ya mashamba ya chai, pahali ambapo ukungu huingia chumbani bila kubisha. Wezi wa betri na nyaya ndio waliofanya kila mlima uwe na mlinzi. Ilikuwepo milima thelathini na mmoja, kila mmoja na mzee wake.

Miaka tisa iliyopita radi ilipiga mnara Heen Banda akiwa ameushika uzio. Haikumuua, ila ilimchukulia masikio yote mawili. Simu ikawa haina maana kwake. Bisomenike alipanda kumwona mara mbili kwa mwaka, na wakati mwingine alituma barua kwa Muttusami, mchuma chai mstaafu aliyempelekea mzee mchele kila Jumamosi ya pili. Wakikutana walikaa barazani, kaka akiongea kwa sauti ya kuita ng'ombe, dada akijibu polepole ili midomo yake isomeke.

"Kila asubuhi nakupigia hodi huko mjini!" kaka alimwambia mwaka mmoja.

"Hodi gani?"

"Hodi! Ya mlangoni! Hawakwambii?"

Bisomenike akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, wameniambia, maana alidhani upweke umeanza kumchezea kaka yake akili, na kubishana na kiziwi kunachosha. Akammiminia chai nyingine na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka juzi muundo wa masanduku mapya ya betri uliletwa mezani. Masanduku ya zamani yalitoa arifa kila mlango wake ulipofunguliwa. Bisomenike aliomba hesabu kutoka Kandi, akaletewa: arifa za mlango zaidi ya elfu ishirini na mbili kwa mwaka mmoja. Akatazama safu ya pili, ile ya hatua iliyochukuliwa. Ilikuwa sifuri kuanzia juu hadi chini. Mtu aliyewahi kuokota neno moshi kwenye lundo la takataka, ukimwonyesha sifuri ya namna hiyo, ni kama umempaka pilipili machoni.

"Nani anainuka kitini?" akauliza.

Mwenyekiti, Mhandisi Ratnasekara, akacheka. "Hakuna, Madam. Hata paka hainuki."

"Basi mlango utajibu ukiulizwa. Uko wazi, au umefungwa. Sanduku linaulizwa kila robo saa, yatosha. Mwizi wa betri hamalizi kazi kwa robo saa."

Thivanka akainua kalamu. "Madam, tusiweke angalau hesabu? Mlango umefunguliwa mara ngapi tangu asubuhi. Ni namba tu, haipigi kelele."

"Na nani ataisoma hiyo namba?"

Kijana akafikiri. "Sijui."

"Namba isiyo na msomaji ni uchafu, mwanangu. Futa."

Thivanka akafuta. Muundo ukatiwa muhuri wiki ile, nao ukishatiwa muhuri haubadilishwi hata neno, kwa kuwa programu chungu nzima zimeshauamini ulivyo. Kiwanda kikatengeneza masanduku, tena kikaongeza ustadi wake: mlango wenye springi nzito, unaojifunga wenyewe ukiuachia, ili ukungu usile betri. Wapagazi wakaanza kuyapandisha, mlima mmoja baada ya mwingine. Bisomenike alipongezwa kwenye kikao kikuu, akapigiwa makofi, akala keki.

Mwezi Februari alikwenda Kandi kukagua kazi. Ukumbi ulikuwa umebadilika, karatasi hakuna, skrini ukuta mzima. Lakini Faleel alikuwa palepale, mwangalizi mkongwe, kofia ya kufuma kichwani, vitumbua vya samaki ndani ya mfuko wa gazeti. Akamkaribisha kwa heshima, akamwagiza chai, kisha akamtazama kwa jicho la mtu mwenye dukuduku.

"Madam, hebu nikuulize. Wazee wetu mmewafanya nini?"

"Wazee gani?"

"Wa milimani. Wameacha kupiga hodi. Kila mlima unaopata sanduku jipya, mzee wake ananyamaza. Kwanza nilidhani wamefukuzwa kazi."

Bisomenike akaweka kikombe mezani.

Faleel akamweleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto wa shule analijua. Kila siku, saa nne kamili asubuhi, kila mzee mlimani hufungua mlango wa sanduku la betri na kuufunga, mara mbili. Nani alianza, hakuna anayekumbuka. Hawana wa kuzungumza naye. Simu za kule juu hushika siku zikitaka. Basi mlango unafunguliwa, arifa inashuka Kandi, na Kandi wanajua mzee yu hai.

"Huyu wa Mahagala anagonga haraka, taka-taka, kama polisi. Wa Kotagala anagonga mara tatu, wenziwe wakigonga mbili, mtu wa majivuno yule. Na wa Hunugala anagonga moja, anatulia, halafu anagonga ya pili, kama mtu anayepangusa miguu kwanza. Mimi humwambia, karibu mzee. Wenzangu wananicheka, lakini nao husema. Na mwaka mpya, Madam! Ile Aprili yenu, dakika ileile wanajimu waliyotoa ya kuwasha jiko, milango thelathini na mmoja inafunguka kwa mpigo. Mimi Mwislamu, sina habari na wanajimu, lakini siku hiyo machozi hunitoka."

"Kwenye hesabu mliandika hatua iliyochukuliwa ni sifuri," Bisomenike alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

"Mlituuliza ikilia tunafanya nini. Ikilia hatufanyi kitu, tunakunywa chai. Tunainuka isipolia." Faleel akakuna ndevu. "Wa Dolugala miaka mitatu iliyopita hakugonga. Kufika saa tano tulishatuma fundi. Alikutwa ameumwa na nyoka, akaokolewa. Hiyo mliiweka wapi kwenye hesabu yenu? Hapakuwa na arifa, Madam. Mtaihesabuje arifa ambayo haikuja?"

Nadhani hapo ndipo Bisomenike alipozeeka. Alikuja Kandi mwanamke wa miaka hamsini na tisa, akatoka bibi. Ndani ya treni ya kurudi alikumbuka lile neno la barazani, hawakwambii?, akainamisha kichwa dirishani, na abiria wa mbele akamuuliza kama anataka limau la kunusa. Kwa miaka mingi kaka yake alikuwa akimpigia hodi kila siku ya Mungu, na yeye ndiye aliyeung'oa mlango.

Akaitisha kikao, wakaja. Akawaeleza kila kitu ila jina la kaka yake, kwa kuwa aliona haya kuonekana anapigania ndugu. Akaomba arifa ya mlango irudishwe.

Ratnasekara alimsikiliza kwa upole, na upole wake ndio uliomkata tamaa. "Madam, wewe kuliko sote unajua. Muundo una muhuri. Masanduku mia tisa ya nchi nzima yameshatoka kiwandani. Toleo jipya ni baada ya miaka miwili."

"Basi tuulize mara nyingi zaidi. Kila sekunde tano."

"Kwa laini ile nyembamba ya milimani? Tutaikaba yenyewe."

Bisomenike akamgeukia Thivanka. Kijana alikuwa akichorachora pembezoni mwa daftari, masikio yamemwiva.

"Thivanka, sema kitu."

"Madam, nisemeje? Mlango ukifunguliwa na kufungwa kati ya swali na swali, kwetu haukufunguliwa. Tungekuwa na ile hesabu..." Akajikatiza. Hakutaka kuimalizia sentensi, na wote waliokuwepo wakaimalizia vichwani.

"Ni kosa langu," Bisomenike alisema.

"Si kosa, Madam, ni kanuni," Ratnasekara alisema. "Na kanuni ni yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu anaweza kupigana na mkubwa wake, anaweza hata kupigana na serikali, lakini yeye alikuwa amekaa upande wa pili wa meza anapigana na maneno yake mwenyewe, na maneno yalikuwa yamejengwa vizuri. Akatafuta ufa ndani yake wiki nzima, hakuupata.

Kilichobaki kilikuwa kiraka. Akaandika barua kwa wazee wote, kwa herufi kubwa. Msigonge tena. Ikifika saa nne na dakika kumi fungueni mlango, muushikilie mpaka saa nne na dakika ishirini, ili swali la saa nne na robo liukute wazi. Asiyeweza, asijisumbue. Ya Heen Banda aliiongezea mstari kwa mwandiko wake: Kaka, nisamehe, sikujua. Hodi zako nilikuwa sizisikii.

Muttusami alirudi na jibu la kaka, limeandikwa nyuma ya pakiti ya biskuti: "Sasa sisi wawili ni viziwi. Nitashika mlango."

Na kaka akaushika. Wazee wengine walishika wiki moja mbili, wakachoka. Dakika kumi za kupambana na springi si mchezo kwa mkono wa miaka sabini, tena kwenye upepo. Kufika Juni waliobaki walikuwa saba. Agosti wakabaki watatu. Heen Banda hakukosa. Kila siku saa nne na robo Bisomenike alikuwa mezani pake, na skrini ikimwandikia Hunugala, mlango, wazi. Angenong'ona, "Karibu, kaka." Thivanka alijizoesha kutompitia karibu wakati huo. Saa nne na nusu skrini ikasema umefungwa, na siku ikaendelea.

Alijua anamtesa. Alimwona akilini, mzee wa watu amesimama mvuani, bega limeegemea bati, ukungu unamwingia mifupani, ili neno moja libadilike Kolombo. Mara mbili aliandika barua ya kumwambia aache. Mara mbili aliichana, kwa kuwa alihitaji lile neno, na ubinafsi huo aliujua na hakuufanyia lolote.

Oktoba, Jumanne, saa nne na robo, skrini iliandika umefungwa.

Bisomenike akakaa wima. Saa nne na nusu, umefungwa. Saa tano kasorobo, umefungwa. Akaanza kutafuta visingizio kama mama anayesubiri mtoto: amechelewa, saa yake imesimama, mvua kubwa. Ilikuwa kweli mvua kubwa, redio ilikuwa imeitaja tangu alfajiri. Saa tano, saa tano na robo, saa tano na nusu. Thivanka alikuja na faili, akauona uso wake, akarudi nalo. Saa sita ikapita. Ilipofika saa saba kasorobo, mkono wake ukiwa tayari juu ya simu ampigie Faleel, skrini iliandika wazi.

"Huyo!" akasema kwa nguvu, ofisi nzima ikageuka. "Huyo mzee wangu! Thivanka, njoo uone. Kalala huyu! Kalala hadi saa saba!"

"Mvua ya leo, Madam, hata mimi nilitaka kulala."

"Mvivu toka zamani. Mama alikuwa akimmwagia maji." Alikuwa akicheka huku macho yamelowa. Akaisogelea skrini. "Karibu, kaka. Karibu sana."

Kisha akafungua kifurushi chake cha wali, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika, na njaa aliyokuwa ameisahau tangu saa nne ikamrudia yote. Saa saba kamili skrini ikasema umefungwa, kama kawaida yake, wala hakuitazama mara ya pili.

Jumatano saa nne na robo, umefungwa. Nusu, umefungwa. Mpaka saa sita alijipa matumaini kwa mfano wa jana. Saa saba kasorobo aliitolea macho skrini, nayo ikasema umefungwa. Hapo akaanza kubonyeza kile kitufe cha kuuliza papo hapo, ambacho hutakiwa kukitumia ila kwa dharura. Umefungwa. Akabonyeza. Umefungwa. Akabonyeza mara arobaini, na kila mara sanduku lilimjibu kwa adabu, neno lilelile, ambalo ni sawasawa kama mzee ametoka sasa hivi, kama hakuja kabisa, au kama amelala sakafuni hatua moja kutoka pale. Kandi wakapiga simu kuuliza nani anaikaba laini ya Hunugala.

"Ni mimi, Bwana Faleel. Tuma fundi. Tafadhali."

"Nimeshamtuma tangu saa tano, Madam. Hata mimi namwangalia yule." Faleel akasita. "Ila barabara ya shamba la chai imefukiwa na udongo. Gari limegeuza."

"Basi aende kwa miguu."

"Mto umejaa. Hakuna pa kupita leo."

Aliinuka kitini. Miaka thelathini alikuwa akiwauliza watu nani atainuka, na sasa alikuwa ameinuka yeye, mkoba mkononi, mwavuli kwapani, na hakuwa na pa kwenda. Alisimama hivyo katikati ya ofisi mpaka Thivanka alipomshika mkono na kumkalisha.

Muttusami ndiye aliyefika. Alhamisi maji yalipopungua alivuka kwa kamba, mzee mwenzake, miguu peku. Alimkuta Heen Banda chini ya sanduku la betri, amejifunika gunia, bado anapumua. Wachuma chai wanane walimshusha kwa machela ya magunia hadi barabarani.

Bisomenike alifika hospitali ya wilaya Ijumaa asubuhi. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, wengine chini. Kaka yake alikuwa kitanda cha dirishani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, nyonga imefungwa, vidole vya mkono wa kulia vimeviringwa bandeji hadi vinaonekana kama vya mtu mwingine. Alipomwona akatabasamu kwa lile pengo lake la jino.

"Umekonda!" akapiga kelele, wodi nzima ikasikia. "Huko mjini hawakulishi?"

Dada akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono mwingine.

Akamsimulia, kwa sauti ileile ya kuita ng'ombe, na wagonjwa wa jirani wakasikiliza pia. Jumanne alfajiri aliteleza penye tangi la maji. Akasikia mfupa, hapana, hakusikia, aliuhisi. Alitambaa hadi kwenye sanduku. Ilimchukua mpaka saa nne na zaidi. Kusimama hakuweza, na ukiwa umelala chini springi ile huwezi kuishikilia, nguvu hupati. Ungeweza tu kuuvuta mlango ukafunguka kidogo, ukakuponyoka, ukajifunga.

"Basi nikarudia mtindo wa zamani! Hodi za kugonga! Nikavuta, ukafunga. Nikavuta, ukafunga. Nilihesabu mpaka mia mbili, halafu hesabu ikanipotea. Nikasema, si lazima nibishe vizuri, mradi mdogo wangu anatazama. Nilivuta mpaka vidole vikaisha ngozi. Mpaka giza."

Muuguzi alikuja kumwomba apunguze sauti. Hakumwona, alikuwa anauangalia mdomo wa dada yake.

"Nilikuita siku nzima," akasema, safari hii karibu kwa kunong'ona, bila kujua kwamba ananong'ona. "Hukuniona?"

Sanduku liliona. Mara mia mbili na zaidi lilijua mlango umefunguliwa, likajua umefungwa, likakaa kimya, kwa sababu liliandikiwa kukaa kimya. Bisomenike angeweza kumweleza kaka yake hayo yote. Ndiyo kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote nchini. Akainua kidole kimoja.

"Mara moja?"

Dada akaitikia kwa kichwa. Mara moja.

Heen Banda akafikiri. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Ile mara moja," akauliza, "ulifanyaje?"

"Nilisema karibu." Alilisema polepole ili alisome.

"Ehe. Halafu?"

"Halafu nikaenda kula."

Kaka akauachia mkono wa dada yake, akauinua wa bandeji, akamgusa shavuni kwa upande wa nyuma wa kiganja, pale ambapo ngozi ilikuwa imebaki.

"Ulikula nini?" akauliza.

"Wali," Bisomenike alisema. "Wali na mchuzi wa fenesi bichi." Ulikuwa mchuzi wa mama yao.